Wembe, Sindano na Tui: Dawa Ilivyotafuta Njia ya Kupita Ngozini Kusini

Ukitoka Mtwara mjini kwa barabara ya Masasi, ukapita Mnazi Mmoja, Mtama na Nyangao, unafika Ndanda, chini ya ukingo wa uwanda wa Makonde. Wengi wanaijua Ndanda kwa hospitali yake na kwa shule aliyosoma Rais Benjamin Mkapa. Jirani yake kuna Mwena, na Mwena haitajwi sana. Hapo ndipo walipoishi watu wenye ukoma, waliotoka vijiji vya karibu na vya mbali, wengine wameletwa na ndugu zao, wengine wamefukuzwa na ndugu zao.

Dawa ya ukoma ya zama zile ilikuwa mafuta. Yalikamuliwa kutoka mbegu za mti wa Bara Hindi na Burma, na ulimwengu mzima uliyajua kwa jina la chaulmoogra. Mafuta hayo ukiyanywa, unatapika. Ukiyapaka, yanakaa juu ya ngozi yaking'aa na kunuka, na kidogo sana huingia. Ukichomwa sindano yake, mahali palipochomwa panavimba, panakuwa gumu, pengine panatunga jipu. Hata hivyo watu walijipanga kungoja zamu yao, mara moja au mbili kwa wiki, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu hapakuwa na kingine.

Habari za ukoma kusini zimeandikwa zaidi kama habari za mapadri, masista na majengo. Mimi nataka kuzisimulia kwa upande wa ngozi yenyewe. Naamini mateso mengi ya watu wale yalitokana na swali moja ambalo wataalamu walichukua karibu miaka 100 kulijibu, nalo ni hili: ukishaipata dawa, unaipitishaje?

Swali hilo halikuanzia Ndanda. Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao walikuwa na jibu lao kabla hajaja daktari yeyote kwa meli, na jibu lenyewe ni chale. Mganga alichukua wembe au kisu kidogo, akachanja mistari mifupi pale panapouma, kisha akasugua unga wa mizizi au majivu ya dawa juu ya damu. Wamakonde walikuwa pia na mafundi wa nembo, waliochora nyuso kwa kuchanja na kupaka masizi ili alama ibaki maisha yote. Fundi wa nembo na mganga wa chale walijua jambo lilelile: kitu kikipakwa juu ya ngozi nzima hukaa juu, na kikitakiwa kuingia lazima ngozi ifunguliwe. Hiyo ni elimu ya kweli, iliyopatikana kwa kuangalia. Kasoro yake ni maumivu, na kasoro kubwa zaidi ni wembe mmoja kupita kwenye miili mingi. Tangu ulipokuja UKIMWI hakuna awezaye kuitetea tena.

Kwa nini ngozi inakataa? Nenda Mikindani ukatazame nyumba za zamani. Kuta zake ni vipande vya matumbawe vilivyoshikanishwa kwa chokaa. Tabaka la juu kabisa la ngozi yetu limejengwa hivyohivyo. Chembe bapa zilizokufa ndizo mawe, na katikati yake kuna mafuta yaliyopangwa safu kwa safu, ambayo ndiyo chokaa. Tabaka hilo lina unene wa mikromita 10 hadi 20 tu katika sehemu nyingi za mwili, yaani ni jembamba kuliko karatasi ya daftari. Lakini dawa inayopenda maji ikifika pale hukutana na mafuta, ikasimama. Dawa inayopenda mafuta huingia kwenye chokaa, ikanasa humo, kwa sababu chini yake kuna nyama hai iliyojaa maji. Ili dawa ivuke, inabidi ipatane na mafuta na maji pia.

Kuna kitu huku kwetu kinachoweza kuvuka, na kila aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anakijua. Ndani ya ganda la korosho mna utomvu mweusi. Ukikugusa leo, kesho vidole vimebabuka na ngozi inachunika. Wabanguaji hupaka mikono majivu au mafuta ili kujikinga. Asidi iliyomo katika utomvu huo ina kichwa kinachopenda maji na mkia mrefu wa kaboni 15 unaopenda mafuta. Kwa umbo hilo inapenya kwenye chokaa ya ngozi na kuchoma kilicho chini. Mkorosho, uliokuja kwetu na Wareno kutoka Brazili, ulikuwa unawafundisha wanawake wa Mtwara somo la kupita ngozini kila msimu, tena kwa maumivu. Wakulima wanaopulizia mikorosho wanalijua somo hilo kwa njia nyingine. Ile dawa ya maji wanayoimimina kwenye bomba la mgongoni hugeuka nyeupe kama maziwa inapokutana na maji, na wanaambiwa wavae glovu kwa sababu baadhi ya sumu za namna hiyo huingia mwilini bila kidonda wala mkwaruzo.

Misheni ya Wabenediktini ilianza Ndanda mwaka 1906, baada ya vituo vyao vya Nyangao na Lukuledi kuteketezwa katika Vita vya Maji Maji. Upande wa Masasi walikuwapo Waanglikana wa misheni ya UMCA, waliotangulia miaka mingi kabla yao. Tiba ya misheni siku za mwanzo ilikuwa ya kufunga vidonda, kugawa kwinini na kuomba. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alifika Ndanda Sista Thekla Stinnesbeck, mtawa aliyekuwa daktari kamili, akakaa miongo kadhaa. Wagonjwa waliomjia walikuwa na safura, vidonda ndugu vya miguu, ukoma, na zaidi ya yote, buba.

Buba ndiyo iliyoipa sindano heshima yake kusini. Ni ugonjwa wa ngozi unaowajaza watoto vidonda vibichi na baadaye kula mifupa. Dawa za zama hizo zilikuwa za aseniki na bismathi, na zilitiwa kwa sindano. Mama alimleta mtoto asiyeweza kukanyaga chini, akachomwa, na baada ya majuma machache vidonda vimekauka. Habari za namna hiyo hazihitaji gazeti. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyechunguza tiba ya misheni kusini-mashariki mwa Tanzania kati ya 1900 na 1945, aliyaona mambo hayo kuwa na sura mbili: walichotaka wamisionari kifuatane na dawa sicho walichokifuata watu. Watu waliifuata sindano. Ninavyoona mimi, hawakuwa wageni wa wazo hilo. Sindano ilikuwa chale iliyokwenda chini zaidi, na kwa buba ilifanya kazi.

Basi mgonjwa wa ukoma alipoingia kwenye foleni, aliingia na matumaini aliyoyapata kwa jirani yake wa buba. Hapo ndipo alipokutana na mafuta.

Tatizo la chaulmoogra lilikuwa limeshawasumbua watu wa mbali na mto Ruvuma. Huko Hawaii, binti mweusi wa Marekani aitwaye Alice Ball, aliyezaliwa Seattle mwaka 1892, alilishughulikia akiwa mwalimu kijana wa kemia chuoni. Alielewa kwamba mafuta mazito hayachangamani na maji ya mwili, ndiyo maana yanabaki chini ya ngozi kama mafundo. Akazibadilisha asidi zake kuwa esta nyepesi zinazoweza kuchomwa na kusambaa. Alikufa mwisho wa mwaka 1916 akiwa na umri wa miaka 24, na mkuu wake akaichapisha kazi ile bila kumtaja. Daktari aliyemwomba amsaidie, Harry Hollmann, ndiye aliyeandika mwaka 1922 kwamba njia ile ni ya Ball. Wakati huohuo huko Kalkutta, Leonard Rogers alipita njia nyingine: alizigeuza asidi za mafuta yale kuwa chumvi ya sodiamu. Mafuta yakitiwa magadi huwa nini? Huwa sabuni. Rogers alikuwa anawachoma wagonjwa sabuni ya chaulmoogra, kwa sababu sabuni hukaa kwenye mafuta na maji pia.

Nimelisimulia hilo kwa urefu kwa sababu wote wawili walikuwa wameshika ncha ya uzi uleule. Kiini cha dawa kilibaki kilekile, wao wakabadili kibebeo chake. Chama cha Waingereza cha kupambana na ukoma, BELRA, ambacho Rogers alikiasisi pamoja na wenzake mwaka 1924, kilieneza matibabu hayo katika makoloni, Tanganyika ikiwemo. Maumivu yalipungua, hayakuisha. Na waliopona kweli walikuwa wachache mno kulingana na waliochomwa.

Mwaka 1935 alikuja Masasi daktari kijana wa UMCA, Leader Stirling, akafanya kazi Lulindi katika hospitali ya miti na nyasi. Mwaka 1949 akaingia Ukatoliki, akahamia Mnero kwa Wabenediktini. Baadaye akawa raia, mbunge, na kuanzia 1975 hadi 1980 Waziri wa Afya wa Tanzania. Namtaja kwa sababu kazi ya mtu huyu mmoja inapita zama zote mbili, za mafuta na za kidonge.

Kidonge chenyewe kilikuwa dapsoni. Kiini chake kilitengenezwa Freiburg, Ujerumani, mwaka 1908, kikakaa kabatini bila mtu kujua kazi yake. Mwishoni mwa miaka ya 1940 John Lowe, akiwa Uzuakoli, Nigeria, alionyesha kwamba dozi ndogo ya kumeza inatosha kuudhibiti ukoma. Jina lake lilipewa baadaye kituo cha utafiti wa ukoma cha Afrika Mashariki kule Alupe, Busia, nchini Kenya. Kidonge cha bei ndogo, kisicho na sindano wala jipu, kiliingia makambini, na foleni ya mafuta ikaisha. Ukiuliza ni nini kilichovunja kuta za makazi ya wakoma Afrika, ni kidonge hicho kwanza, na hotuba baadaye.

Hapa tunafika mwaka 1959, mwaka unaonivutia kuliko yote katika habari hii.

Mwaka huo T. F. Davey na J. A. Hogerzeil, palepale Uzuakoli, walichapisha taarifa ya dawa mpya ya ukoma iliyoitwa Etisul. Haikumezwa wala haikuchomwa. Ilisuguliwa mwilini. Mgonjwa alipakwa na kuchuliwa, dawa ikapita ngozini, ikaingia damuni na kuwapiga bakteria. Hakuna aliyechanjwa. Kwa mara ya kwanza mgonjwa wa ukoma wa Afrika alipewa dawa iliyopita kwenye ngozi nzima na ikaonekana kufanya kazi. Lakini ilikuwa na mambo mawili mabaya. Ilinuka kitunguu saumu vikali mno, kiasi kwamba aliyepakwa alijulikana kabla hajaonekana, na mtu wa ukoma ametengwa vya kutosha bila kuongezewa harufu. Pili, baada ya miezi michache bakteria waliizoea. Ikaachwa.

Mwaka huohuo wa 1959, mbali na hospitali zote, mkemia Jack Schulman na wenzake walilipa jina jambo ambalo yeye na T. P. Hoar walikuwa wamelieleza mwaka 1943: mchanganyiko wa mafuta na maji ulio mwangavu kama maji matupu, unaojitengeneza wenyewe na usiotengana. Waliuita maikroemulsheni.

Sijaona dalili yoyote kwamba watu wa kazi hizi mbili walisomana. Wale wa Etisul walikuwa na dawa inayohitaji kibebeo kizuri. Wale wa maikroemulsheni walikuwa na kibebeo kisicho na mzigo.

Ili msomaji alielewe jambo lenyewe, aingie jikoni. Nazi imekunwa kwenye mbuzi, imetiwa maji ya vuguvugu, imekamuliwa kwa kifumbu. Kinachotoka ni tui, na tui ni mafuta na maji yaliyokubali kukaa pamoja kwa muda. Matone ya mafuta yamevikwa utando wa protini ya nazi, ndiyo maana hayaungani. Weupe wake unatokana na matone hayo kurudisha mwanga. Mpishi anajua kwamba tui likichemka bila kukorogwa litakatika, mafuta yapande juu na maji yabaki chini, na likishakatika halirudi. Mchanganyiko wa namna ya tui ndio unaoitwa emulsheni. BBE, ile dawa nyeupe ya upele ambayo karibu kila nyumba imewahi kupakwa, ni emulsheni. Ndiyo maana chupa hutikiswa kabla ya kutumia.

Sasa tia kitu cha jamii ya sabuni kwa wingi, ongeza pombe kidogo au kimiminika kinachofanana nayo, na uchague mafuta mepesi. Vipimo vikilingana, kinatokea kitu kisichofanana na tui hata kidogo. Ule weupe unatoweka, na mchanganyiko unakuwa safi kiasi cha kuona upande wa pili wa glasi. Matone yamekuwa madogo, nanomita 10 hadi 100 hivi, wakati unywele mmoja una upana wa nanomita 80,000 au karibu na hapo. Mwanga unapita bila kuyagundua. Na kwa kuwa mafuta na maji hayasukumani tena, hakuna haja ya kukoroga kwa nguvu wala kutikisa. Mchanganyiko huo haukatiki, maadamu joto na vipimo havikubadilishwa sana.

Kwa ngozi faida yake ni hii. Kibebeo kimoja kinabeba dawa inayopenda mafuta na inayopenda maji, tena kwa wingi kuliko krimu ya kawaida, hivyo msukumo wa dawa kuelekea ndani ni mkubwa. Maji yake yanalowesha ngozi na kuilegeza. Zile sabuni zake zinaingia kwenye chokaa kati ya mawe na kuvuruga safu zake kwa muda, njia ikapatikana. Ni ile kazi ya kichwa na mkia tuliyoiona kwenye utomvu wa korosho, lakini kwa kipimo, na bila kubabua.

Elimu hiyo ilichukua miaka mingi kufika kwenye dawa. Kiraka cha kwanza cha kubandika mwilini kilichoidhinishwa Marekani, cha kuzuia kichefuchefu cha safari, kilitoka mwaka 1979. Wakati huo kusini mwa Tanzania vita dhidi ya ukoma ilikuwa imechukua sura nyingine. Dapsoni ilikuwa imeanza kushindwa. Usugu ulithibitishwa Malaysia mwaka 1964. Mwaka 1977, Stirling akiwa waziri, ulianzishwa Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma. Shirika la Afya Duniani likapendekeza dawa mseto: rifampisini, klofazimini na dapsoni kwa pamoja. Tanzania ilianza kuzitumia mwaka 1983. Mgonjwa mwenye mabaka machache hutibiwa miezi 6, mwenye mengi miezi 12, na anapona. Mwaka 2006 nchi ilishuka chini ya kiwango cha mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000. Kwa hesabu za kitaifa, ukoma ulikuwa umeondolewa kama tatizo la afya ya jamii.

Hesabu za kitaifa haziishi Msimbati wala Kilambo, huku karibu na mdomo wa Ruvuma. Tanzania bado imo katika orodha ya nchi 23 ambazo Shirika la Afya Duniani linazipa kipaumbele katika ukoma. Msumbiji imo. Komoro imo. Ukichora mstari kati ya nchi hizo tatu, mdomo wa Ruvuma uko ndani yake. Huku mto ni mpaka wa ramani, lakini ndugu wako kingo zote mbili, wanalima mpunga, wanavua, wanaoana. Bakteria wa ukoma hugawanyika polepole mno, mara moja kwa wiki mbili hivi, na dalili huchukua wastani wa miaka 5 kuonekana, pengine 20. Mtu anaweza kuambukizwa ukingo mmoja na kugundulika ukingo wa pili, akiwa mtu mzima mwenye watoto.

Na vidonge navyo vina safari yake. Kila mwezi mgonjwa anatakiwa kufika kituoni ameze dozi moja mbele ya mhudumu. Kwa mvuvi anayekwenda dago, akakaa kambini wiki nyingi kufuata samaki, hilo si jambo dogo.

Ndiyo maana wapo watafiti waliorudi kwenye swali la 1959, la kuipitisha dawa ya ukoma ngozini. Bakteria wa ukoma hupenda sehemu zenye baridi za mwili: masikio, pua, ngozi, na neva zilizo karibu na ngozi. Kwa nini basi dawa ipitie tumboni, izunguke ini na damu yote, wakati adui yuko chini ya tabaka jembamba kuliko karatasi? Mwaka 2013 kundi la watafiti wa Rio de Janeiro, Brazili, nchi yenye wagonjwa wengi zaidi wa ukoma baada ya India, walichapisha majaribio ya dapsoni iliyotiwa katika matone madogo ya namna hiyo, wakipima kiasi kinachopenya kwenye ngozi ndani ya maabara. Dapsoni ilipenya. Haishangazi, kwa kuwa molekuli yake ni nyepesi, uzito wake ni dalton 248. Mwaka 2000 wataalamu wawili wa Uholanzi, Bos na Meinardi, walionyesha kwamba dawa zinazopita ngozini vizuri karibu zote ziko chini ya 500. Klofazimini ina 473, imo kwa shida, tena inapenda mafuta kupita kiasi. Rifampisini, ambayo ndiyo mpiganaji mkuu, ina 823.

Maana ya namba hiyo ya mwisho lazima isemwe wazi. Hakuna krimu leo, ya maikroemulsheni au ya namna yoyote, inayotibu ukoma. Dawa ya kupaka haijafika kwenye neva zilizo ndani, na dawa nzito kuliko zote bado inakwama ukutani. Matumaini ya karibu yako kwenye magonjwa mengine ya ngozi, na kwenye dawa za maumivu na uvimbe ambazo zikimezwa hulitesa tumbo. Anayekuuzia mafuta ya kuponya ukoma anakudanganya.

Upande wa hatari nao tumeshauonja. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliripoti wanawake waliougua figo kwa kutumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zebaki ilipita ngozini bila kuombwa. Mkorogo unaouzwa mpaka leo, wenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali, unapita kwa njia zilezile. Kibebeo kizuri hakibagui. Kikifungua njia kwa dawa kinaifungulia na sumu. Na sabuni nyingi mno, hata bila sumu, huwasha na kukausha ngozi. Kwa hiyo kazi hii inahitaji maabara na vipimo, na haifai kufanywa kwenye ndoo nyuma ya duka.

Je, tunaweza kuifanya wenyewe? Nadhani tumeshaanza. Kule Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, mfamasia kutoka Hispania, Mafalda Soto, alianzisha pamoja na Watanzania utengenezaji wa Kilisun, krimu ya kuwakinga watu wenye ualbino na jua. Hiyo ni emulsheni iliyotengenezwa nchini, ikapimwa nchini, kwa ngozi za Watanzania. Kazi yake ni kinyume cha niliyoisimulia: inatakiwa ibaki juu, isiingie. Lakini mikono iliyojifunza kuifanya krimu ibaki juu inaweza kujifunza kuifanya iingie. Na ufuta, nazi na korosho za Mtwara tunaziuza nje zikiwa ghafi, kisha mafuta yake tunayanunua yakirudi kwenye vikopo.

Nimalizie na wembe, kwa sababu bado upo. Ukoma huua hisia kwenye baka. Baka jeupe au jekundu lisilowasha wala kuuma, ambalo mtu huchukua mwaka mzima kulipuuza, ndilo la kuogopa. Kwa hiyo kama wewe au mzee wako mmewahi kuchanjwa chale juu ya baka na wembe haukuuma, msirudi kwa mganga kwa chale ya pili. Nendeni zahanati. Mhudumu atagusa baka hilo kwa pamba na kuuliza kama mnasikia. Vidonge vipo, ni bure, na mgonjwa akianza mapema vidole vyake vinabaki salama.